Nani akae na nani kwenye tenki: Shangazi anajibu

Wasomaji wangu wa Tanga na vitongoji vyake, salaam. Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja, samaki gani akae na samaki gani, kwahiyo ukurasa wote nimeupa hilo. Niseme hili mapema sababu ntalirudia: dukani tunachagua rangi, lakini tukifika nyumbani samaki anaishi na maji, na joto, na mdomo wa jirani yake. Huku kwetu Januari mpaka Machi joto la mchana linapita nyuzi 30, na tenki lililoko sebuleni linaelekea huko huko. Alafu chini yetu kuna miamba ya chokaa na matumbawe, chokaa kama ile ya Mapango ya Amboni, ndo maana visima vingi vya huku maji yake ni magumu, sabuni haitoi povu upesi na birika linashika ukoko mweupe. Maji ya bomba ni habari nyingine, yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hayo usiyakisie, yapime kwa vile vijikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha tindikali ya maji) na ugumu wa maji. Anza na maji uliyonayo, ndo uje kwenye samaki.

Shikamoo Shangazi. Baba watoto aliwanunulia wanawe tenki la kioo, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Muuzaji akatupa goldifishi wawili, gapi wanane na pleko mmoja, akasema huyo pleko ndo msafishaji, hamtakuwa na kazi ya kusafisha tena. Wiki ya tatu hii gapi wamebaki watatu na maiti hatuzioni, maji yana ukungu na harufu, na goldifishi mmoja anashinda juu anahema. Watoto wanalia. Tufanyaje? (Mama wa Chumbageni)

Marahaba mwanangu, na wape watoto pole zangu. Maiti hamzioni kwasababu gapi wameliwa. Goldifishi ana sura ya upole lakini chochote kinachoenea mdomoni anakimeza, na gapi mdogo anaenea vizuri tu.

Ila kuliwa kwa gapi sio tatizo kubwa la hilo tenki. Goldifishi ni jamaa wa samaki waitwao kapu, asili yake China, raha yake ni maji ya nyuzi 18 mpaka 23, na huku Tanga maji ya namna hiyo hatuna karibu mwaka mzima. Maji yakipata joto oksijeni inapungua, wakati huo huo mwili wa samaki unataka oksijeni zaidi, ndo unamuona juu anahema. Na goldifishi anakula sana na kuchafua sana. Tenki lako ukizidisha 60 kwa 30 kwa 30 ukagawa kwa 1000 unapata lita 54, ukitoa mchanga na nafasi ya juu hazifiki 50, na goldifishi wa kawaida akikua anafika sentimita 20, wengine 30. Pleko ndo kabisa, yule unayemuona kama kidole leo anaweza kupita sentimita 30. Ukoga anakula kweli akiwa mdogo, lakini choo chake ni kingi kuliko ukoga aliokula, kwahiyo hakuna samaki anayekuja kufanya usafi, kila anayeingia anaongeza kazi.

Ile harufu na ukungu ni tenki changa. Choo cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, amonia ni sumu, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, hiyo nayo ni sumu, alafu bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia. Bakteria hao wanataka wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye filta na kwenye mchanga, nyie mmeweka samaki 11 kwa siku moja. Na maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu, amonia ile ile inakuwa kali zaidi, kwahiyo kwa mtu wa pwani hili sio la kupuuza.

Leo toa theluthi moja ya maji uweke mengine, kesho kutwa tena hivyo hivyo. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Chakula kidogo mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Sponji ya filta isuuze kwenye maji ya tenki yaliyotolewa, usiioshe bombani utaua bakteria wote. Alafu goldifishi na pleko watafutieni mtu mwenye bwawa la saruji lenye kivuli. Najua watoto watasikitika lakini waambieni ukweli kwamba samaki anaumia, watoto wanaelewa. Wabaki gapi, na baada ya mwezi muwaongezee plati kadhaa. Hao wote wanapenda maji magumu na joto la nyuzi 24 mpaka 28, ni samaki wa kwetu kabisa kwa tabia. Kila dume mmoja wekeni majike wawili au watatu, la sivyo madume watamfukuza jike mmoja kutwa kucha mpaka afe kwa uchovu. Na jike mmoja anaweza kuzaa kila baada ya wiki nne hivi, hata dume akiondoka, maana anahifadhi mbegu miezi kadhaa, kwahiyo msinunue wengi.

Shangazi shikamoo. Nina faita dume mwekundu mwenye mkia mrefu. Nilimuwekea gapi madume wanne wa rangi kali ili tenki lipendeze, kesho yake mmoja hana mkia na mwingine kafa. Rafiki yangu anasema nimuwekee jike atatulia, mwingine anasema faita anakaa peke yake kwenye chupa tu. Nani yuko sahihi? (Kijana wa Makorora)

Marahaba. Wote wawili hapana. Faita dume akimuona samaki mwenye mkia mpana na rangi za kuwaka anadhani ni dume mwenzake kaingia kwenye eneo lake, na gapi dume ndo hivyo alivyo, kwahiyo ulimuwekea maadui wanne. Jike naye sio wa kukaa nae daima, wanakutanishwa siku ya kuzalisha tena ukiwa umesimama unaangalia, wakimaliza jike anatolewa sababu dume analinda mayai na atampiga.

Na chupa mwanangu usifanye. Watu wanasema anaishi kwenye chupa kwasababu ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kweli kabisa, lakini kuvuta hewa hakumwondolei amonia inayomuunguza matamvua. Mpe angalau lita 15 hadi 20, filta ya taratibu maana mkia mrefu unamfanya ashindwe na mkondo, na mfuniko maana anaruka.

Tenki likifika sentimita 60 unaweza kumuwekea kori sita, wale wa chini wenye masharubu, wanakaa kwa kundi na hawana habari na mtu. Konokono pia sawa. Taiga babi usiwaguse, hao wanang'ata mapezi, na gurami nao ni jamaa zake faita watagombana. Hata hivyo kuna madume wengine wa faita hawataki mtu yeyote, ukiona anamwinda kila anayepita basi muache peke yake kwenye tenki lake, hapungukiwi kitu.

Shikamoo Shangazi, niko Pongwe. Shemeji yangu kaniletea mbuna tisa wa Ziwa Nyasa na kibali anacho. Tenki langu ni sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Wengi wana milia, bluu iliyoiva na bluu mpauko. Kuna mtu Kigoma anauza frontosa wawili wenye nundu kichwani, nimewapenda sana, nataka niwaweke pamoja maana wote ni wa maziwa yetu. Nawalisha dagaa waliosagwa na vipande vya maini. Kuna dume mmoja kawafukuza wenzake wote kona moja. (Fundi wa Pongwe)

Marahaba fundi, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Maziwa yetu, Nyasa na Tanganyika, yana mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, Ulaya na Marekani watu wanawanunua kwa bei kubwa na kuwatengenezea maji ya kufanana na ya kwao, na sisi wenye nchi tunaweka goldifishi wanaokufa kwa joto. Mbuna anataka maji magumu yenye pH ya 7.8 mpaka 8.6, yani kisima cha pwani kisicho na chumvi nyingi karibu kimeshakufanyia kazi yote. Kwahiyo kwenye maji uko sawa, tatizo lako liko sehemu tatu.

Kwanza chakula, na hili libadilishe leo hii. Mbuna kule ziwani anashinda anakwangua ukoga na vijidudu juu ya mawe, utumbo wake ni mrefu wa kusaga majani. Maini na nyama vinamvimbisha tumbo, anaacha kula, choo kinakuwa cheupe cha kamba, na akifika hapo kumuokoa ni vigumu. Mpe chakula cha punje chenye spirulina (aina ya ukoga), mchicha uliochemshwa kidogo, njegere zilizomenywa maganda. Dagaa kidogo sana na kwa nadra.

Pili ni idadi. Wale wenye milia ya bluu kwa maelezo yako inaelekea ni demasoni, uyo ni wa upande wetu wa ziwa kabisa, na ni mdogo lakini mkorofi mno kwa anayefanana nae. Watu wakiona ugomvi wanapunguza samaki, kwa mbuna inakuwa kinyume, wakiwa wachache dume anachagua mmoja anampiga mpaka amuue, wakiwa wengi hasira zinagawanyika hakuna anayeonewa kila siku. Demasoni wanataka kundi la 12 kwenda juu. Lita zako ni 243, kundi hilo linaingia, ila wingi huo unataka filta ya nguvu na kubadili theluthi ya maji kila wiki bila kukosa, kama huna muda huo usiongeze. Madume yasizidi, kila dume awe na majike matatu au zaidi. Kutofautisha demasoni dume na jike kwa rangi haiwezekani, subiri uone nani anabeba mayai mdomoni, uyo jike, atakaa hivyo wiki tatu hivi bila kula vizuri, usimsumbue.

Alafu mawe. Panga mawe mengi mpaka juu, yenye mapango na njia za kutokea pande mbili, mtu akifukuzwa apate pa kupita asikwame. Mawe yakae chini kabisa kwenye kioo ndo umwage mchanga baadae, sababu mbuna wanachimba, jiwe likikaa juu ya mchanga litawaangukia au livunje kioo. Uyo dume wako mtawala mtoe siku chache kwenye chombo kingine, wengine wakishazoea panga mawe upya kabisa, alafu mrudishe, atakuta mji umebadilika hana mtaa wake wa kulinda.

Tatu ni frontosa, na hapa jibu ni hapana. Kutoka nchi moja hakuwafanyi wawe majirani. Frontosa ni wa Ziwa Tanganyika, maji ya kule pH inafika 9, anaishi kina kirefu, mwendo wake wa polepole, na ni mwindaji anayekula samaki wengine hasa wakati wa mwanga hafifu. Mchana mbuna watamsumbua mpaka ashindwe kula, na akishakua, maana anafika sentimita 30, usiku atawameza hao demasoni. Chakula chao pia hakipatani, yeye anataka nyama na hao nyama inawaua. Tenki lako ni fupi kwake. Kama moyo wako uko Kigoma kweli, tafuta tenki la pili hata dogo la lita 50 uweke wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, hawazidi sentimita 5 na wana maajabu ya kutazama kuliko samaki wengi wakubwa, wanazika magamba, wanachimbua, wanalinda mlango. Na ukiagiza samaki wa ziwa, pitia ofisi ya uvuvi kama shemeji yako alivyofanya.

Binti yangu, mimi mzee wa Raskazone. Maji yakipwa wajukuu wanakamata visamaki vya miambani vya manjano na bluu, vizuri mno. Naweza kuvichanganya na moli wangu? Naambiwa moli anavumilia chumvi. (Babu)

Shikamoo babu yangu. Ni kweli moli anavumilia chumvi, hata maji ya bahari anayaweza akizoeshwa taratibu kwa siku nyingi, lakini kisamaki cha mwamba hakiwezi kinyume chake. Bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, mwili wa samaki wa bahari umezoea kunywa maji na kutoa chumvi, ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi maji yanamuingia mwilini bila kikomo na anakufa ndani ya masaa. Tenki la bahari ni kazi nyingine na gharama nyingine. Na babu, kipande kikubwa cha bahari yetu kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga tangu 2009, huko hatuchukui tu kinachotupendeza. Wajukuu waviangalie pale pale vidimbwini, maji yakijaa virudi miambani.

Shangazi, nasoma Muheza. Mvua zikinyesha dimbwi la kando ya shamba linatoa visamaki, dume ana rangi nyekundu na bluu, jike wa kijivu. Jua likizidi dimbwi linakauka, mwakani wapo tena. Ni samaki gani, na anaweza kukaa na gapi? (Mwanafunzi)

Mwanangu una macho mazuri. Kwa maelezo yako inaelekea ni Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu, pwani ya Tanzania ina aina nyingi zake. Mayai yake yanabaki kwenye matope yaliyokauka yakisubiri mvua, yakilowa yanaanguliwa, na ndani ya wiki chache watoto wamekuwa wakubwa wanataga, sababu maisha yao ni mafupi, mwaka hawamalizi. Watafiti wa uzee wanawasoma sana jamaa zao kwa sababu hiyo.

Kukaa na gapi sikushauri, dume atawakimbiza na gapi watamaliza chakula chake. Huyu ni bora akae wa aina yake tu, dume mmoja na majike watatu, maji yasiyo na mkondo, kivuli, na chakula hai kama viluwiluwi vya mbu, punje nyingi hawazitaki. Chukua wachache sana na dimbwi liachwe, likijazwa kifusi wameisha wote. Na tafadhali wewe na wote mnaosoma, gapi au pleko uliyemchoka usimwage dimbwini wala mto Zigi wala Pangani. Mto Pangani una perege wake ambao kwingine hawapo, wageni wanawala mayai na kuwaletea magonjwa.

Sasa ya haraka haraka. Dada wa Ngamiani, enjelifishi na neoni wadogo watakaa mpaka enjeli akue, akishafika sentimita 15 neoni ni chakula, na neoni anataka maji laini ya ubaridi, kwa kisima chako muache kabisa. Kaka wa Duga, oska anapita sentimita 30 na anakula kila kinachoenea mdomoni, usimchanganye na wadogo. Mama wa Sahare, kobe wa maji atang'ata mapezi kwanza, alafu atamaliza samaki, na anachafua maji kupita kiasi, atafutiwe chombo chake.

Shikamoo Shangazi, nina plati na moli wametulia. Nataka kuongeza wengine wanne, nifanyeje wasipigane wala wasife? (Dada wa Nguvumali)

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Dukani simama uangalie tenki zima kwanza, mwenye madoa meupe kama chumvi, mwenye mapezi yaliyojikunja, anayejisugua kwenye mawe, usinunue hata mmoja kutoka humo, ugonjwa wa madoa meupe unasambaa kwenye maji yote. Nyumbani waweke kwenye ndoo au chombo cha pembeni wiki mbili, na pampu ya hewa, ukiwaangalia wanavyokula.

Siku ya kuwahamisha lisha wenyeji washibe, zima taa ya tenki, panga upya mawe na mimea. Wageni watie kwenye mfuko, mfuko uelee dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kila dakika chache ongeza kikombe cha maji ya tenki ndani yake, alafu watoe kwa wavu, maji ya mfuko yamwage nje. Ingiza wawili leo na wawili wiki ijayo ili bakteria wa filta wapate kuongezeka. Taa isiwashwe mpaka kesho yake. Na kwa vile umeme unakatika, nunua pampu ya betri uiweke karibu, tenki likishaongezwa samaki oksijeni inaisha mapema zaidi, hasa usiku wa joto.